Leaf ya mtumba, gari linalopozwa kwa kioevu, au LFP: betri ipi itadumu kwenye joto la kwetu?

Anayeagiza Vitz au Axio kutoka Japani huanza na kilomita. Zikiwa chache, roho inatulia. Akilihamishia zoea hilo kwenye gari la umeme, anaweza kununua Nissan Leaf ya kWh 24 yenye kilomita 35,000 tu, ambayo safari ya Nairobi hadi Thika na kurudi inaimaliza kabisa, huku jirani yake akiwa na Leaf mpya zaidi iliyotembea 90,000 na haina shida. Betri ya lithiamu huzeeka hata gari likiwa limesimama. Umri wa seli na joto zilimokaa vina uzito kuliko odometa, na hilo ndilo linalotenganisha magari tunayoyalinganisha hapa.

Makundi ni matatu. La kwanza ni Nissan Leaf, gari la umeme la mtumba linalopatikana kwa wingi katika soko la Japani, ambalo betri yake haipozwi kwa chochote isipokuwa hewa inayopita chini ya gari. La pili ni magari yenye seli za nikeli, mangani na kobalti (NMC) yanayopozwa kwa kioevu. Mfano wetu ni Hyundai Kona Electric ya kWh 64. La tatu ni magari ya LFP, yaani lithiamu na chuma-fosfeti, na mfano wake ni BYD Atto 3 ya kWh 60.48.

Kinachoichosha betri

Ndani ya seli, upande wa grafiti hujijengea utando mwembamba kutokana na elektroliti, yaani kimiminika cha ndani ya seli. Utando huo ni kinga, lakini haukomi kukua, na kila unapokua humeza lithiamu ambayo ingebeba chaji. Joto huuharakisha. Kwa kanuni ya jumla ya kemia, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukaribia kuongeza kasi hiyo maradufu. Wastani wa joto Nairobi ni takriban nyuzi 19, Mombasa 26 hadi 27, na Dar es Salaam haiko mbali na Mombasa. Kwa hiyo gari lisilo na mfumo wa kupoza betri halizeeki kwa mwendo mmoja Lang'ata na Likoni.

Cha pili ni kiwango cha chaji ambacho gari linakaa nacho. Seli iliyojaa 100% na kuachwa juani siku tatu inaumia kuliko iliyoachwa na 50%. Mizunguko ya kuchaji na kutumia huja nyuma ya hayo kwa mwendeshaji wa kawaida. Fanya hesabu: Leaf ya kWh 40 ikitembea kilomita 20,000 kwa mwaka, kwa kWh 15 kila kilomita 100, inatumia kWh 3,000. Betri ikiwa na kWh 36 za kutumika, hiyo ni mizunguko kamili 83 kwa mwaka. Seli za NMC zinazovumilia mizunguko 1,500 zingechukua miaka 18 kuimaliza. Kalenda itazichosha kabla.

Ushahidi wa joto hautoki maabara peke yake. Mwaka 2012 wamiliki wa Leaf mjini Phoenix, Arizona, walianza kuona vimistari vya uwezo vikipotea kwenye dashibodi ndani ya muda mfupi. Septemba mwaka huo walikusanya Leaf 12 wakaziendesha njia moja hadi chaji iishe, ili kampuni isiweze kusema ni tabia ya dereva. Nissan ilibadilisha masharti ya waranti ikaanza kulinda uwezo wa betri, na baadaye ikaboresha kemia ya seli zivumilie joto. Kampuni ya Geotab, inayofuatilia magari ya mashirika, ilichapisha mwaka 2020 kwamba Leaf ya 2015 ilikuwa ikipoteza wastani wa 4.2% kwa mwaka, na Tesla Model S ya 2015, inayopozwa kwa kioevu, 2.3%. Ukizidisha kwa miaka 8, ya kwanza imebaki na 66% na ya pili na 82%. Magari ya mwaka mmoja, tofauti kubwa ikiwa ni kupozwa.

Mashabiki: wapi uwasikilize, wapi ujihadhari

Magari ya umeme yana mashabiki wa kufa na kupona, na bila wao tungekuwa gizani. Programu ya Leaf Spy, inayoonyesha afya ya kila jozi ya seli kwa simu, ilitengenezwa na mpenzi wa gari hilo na si kiwanda. New Zealand, ambako Leaf za mtumba za Japani zilijaa kabla ya kwetu, wamiliki waliojiunga chini ya Flip the Fleet walikusanya vipimo vya magari karibu 280. Mwaka 2018 wakatangaza kwamba Leaf za kWh 30 zilionekana kupoteza karibu 10% kwa mwaka, na za kWh 24 karibu 3%. Nissan ilichunguza, ikabainika kompyuta ya betri ya kWh 30 ilikuwa ikisoma vibaya, na programu mpya ikatolewa. Hadi leo, Leaf ya kWh 30 inayoonyesha vimistari 9 kati ya 12 inaweza kuwa na betri nzuri kuliko inavyosema, ikiwa haijawahi kuwekewa programu ile. Muulize muuzaji.

Tatizo liko kwenye mifano wanayopenda kuitaja. Hansjörg von Gemmingen wa Ujerumani amezidisha kilomita milioni moja kwa Tesla Model S, na jina lake halikosi katika mabishano. Katika safari hiyo gari limebadilishiwa betri na mota. Steve Marsh wa jimbo la Washington alivusha Leaf maili 100,000 mwishoni mwa 2013, gari likiwa bado changa na hali ya hewa ya baridi. Watu hawa walitembea sana ndani ya miaka michache, kwa hiyo kalenda haikupata nafasi ya kuwapiga. Anayetembea kilomita 12,000 kwa mwaka mjini Tanga anaendesha jaribio tofauti kabisa, refu na la moto. Isitoshe, mwenye betri iliyokufa huuza gari akaondoka kwenye kundi. Wanaobaki kusimulia ni waliobahatika.

Wapinzani nao wana msemo wao: betri hufa baada ya miaka mitano, na bei ya mpya inazidi gari. Si kweli kwa magari yanayopozwa. Tesla imeripoti kwamba Model S na X hupoteza wastani wa 12% baada ya maili 200,000. Kwa Leaf za 2011 na 2012 zilizoishi kwenye joto, msemo huo una ukweli ndani yake. Kila upande umeshika gari lake na kulifanya magari yote.

Leaf: zitofautishe kwanza

Leaf si gari moja. Toleo la 2010 hadi 2012 (ZE0) lina kWh 24 na seli za mangani za kizazi cha kwanza. Liache, hata likiwa bei ya pikipiki mbili. AZE0 ya 2013 hadi 2017 ina kWh 24 iliyoboreshwa, na kuanzia mwishoni mwa 2015 kukawa na kWh 30. ZE1 ilitoka Oktoba 2017 na kWh 40, kisha Januari 2019 ikaja e+ ya kWh 62. Zote hazina kioevu cha kupoza betri. Ni Leaf ya kizazi cha tatu, ya 2025, iliyopata kupozwa kwa kioevu hatimaye.

Ukubwa wa betri wenyewe ni kinga. Kilomita 60 za siku hula zaidi ya nusu ya betri chakavu ya kWh 24, lakini robo tu ya kWh 40. Betri kubwa hufanya kazi kwa utulivu, hupata joto dogo, na inaruhusu uishi kati ya 30% na 80% bila kuhesabu kila kona. Hii ndiyo sababu tunasema ZE1 ni gari jingine, ingawa jina ni lile lile.

Udhaifu wa ZE1 ni safari ndefu. Ukienda kwa kasi barabara kuu, ukachaji kwa chaja ya kasi, ukaondoka, ukachaji tena, joto la betri hupanda na halina pa kushukia. Kompyuta hujilinda kwa kupunguza kasi ya kuchaji, na chaji ya tatu inaweza kuingia kwa nusu ya kasi ya ile ya kwanza au chini yake. Waingereza walipiga kelele sana juu ya jambo hili mwaka 2018. Kutoka Mombasa kupanda Nairobi, gari la kilo 1,700 pamoja na abiria linahitaji takriban kWh 8 za ziada kwa ajili ya mwinuko tu, achilia mbali upepo na matairi. Kwa ZE1 ya kWh 40, hiyo ni zaidi ya robo ya betri iliyochakaa kidogo. Anayepanda na kushuka njia hiyo kila wiki asichukue Leaf.

Sheria za uagizaji nazo huchagua. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo kWh 24 na kWh 30 unazoziona ziliingia zamani na zimekwisha kuzoea joto letu. Uganda kikomo ni miaka 15. Tanzania inaruhusu, ila gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada kwa uchakavu, na hapo bei rahisi ya AZE0 huanza kuyeyuka.

Jambo moja ambalo madalali hawalitaji ni gari lilikotoka ndani ya Japani. Leaf ya Hokkaido, kaskazini kwenye theluji, kwa kawaida hubaki na betri bora kuliko ya Okinawa au Kyushu. Ubaya wake ni kutu kutokana na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Omba picha za chini ya gari pamoja na karatasi ya mnada.

Kona: seli zile zile za NMC, matunzo tofauti

Kona ya kWh 64 ina mabomba ya kioevu yanayopita chini ya moduli, na mfumo wa kiyoyozi unaweza kuingia kazini kuipoza betri. Matokeo yake ni kwamba uwezo hushuka polepole, na chaji ya kasi haigeuki adhabu. Kwa safari ndefu za pwani na bara, kati ya mitumba ya bei ya kati, hili ndilo chaguo letu.

Lakini liangalie kwa makini. Mwaka 2021 Hyundai iliita yarudishwe magari takriban 82,000 duniani, mengi yakiwa Kona, kwa sababu seli za LG zingeweza kushika moto. Tiba ilikuwa kubadilisha betri. Kona ya 2018 hadi 2020 iliyobadilishiwa betri ni bahati: gari kuukuu lenye betri changa. Ambayo haikubadilishiwa usiiguse. Namba ya chasi inajibu swali hilo, kwa sababu mashirika ya Hyundai huko gari lilikotoka yana mfumo wa kukagua wito wa usalama.

Kona nyingi za usukani wa kulia zinazopatikana mtumba zinatoka Uingereza, na hilo hubadilisha soketi. Leaf ya Japani ina soketi ya Type 1 kwa chaji ya kawaida na CHAdeMO kwa chaji ya kasi. Kona ya Uingereza ina Type 2 na CCS2. Kabla ya kuagiza, zunguka vituo utakavyotumia uangalie waya zake zina kichwa gani. Adapta ya Type 2 kwenda Type 1 ni rahisi kupata. Ya CCS2 kwenda CHAdeMO ni ghali na ina masharti.

Kioevu nacho kinataka huduma. Rejeta iliyoziba vumbi au pampu iliyosimama huirudisha betri kwenye hali ya Leaf, na Kona ina aina maalumu ya kioevu kisichopitisha umeme kirahisi. Fundi akimimina kilichobaki cha Probox, ataharibu kazi.

Atto 3 na LFP: mzito wa mwili, mrefu wa maisha

Seli za LFP hubeba nishati kidogo kwa kila kilo kuliko NMC, lakini mizunguko yake huanzia 3,000 na kuendelea. Hapa hesabu ya teksi inabadilika. Teksi ya kilomita 200 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni kilomita 60,000. Kwa Leaf ya kWh 40 hiyo ni mizunguko 250 kwa mwaka, na ile 1,500 inakwisha miaka sita. Atto 3, ikila kWh 17 kwa kilomita 100, inafanya mizunguko 170 kwa mwaka. 3,000 zingechukua zaidi ya miaka 17. Ongeza kwamba betri yake hupozwa na gesi ya kiyoyozi inayopita kwenye bamba moja kwa moja, na kwamba LFP huvumilia joto kubwa zaidi kabla ya kuanza kuungua. Kwa Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar hatuna la kusita.

Kikwazo ni bei. Leaf ya kWh 40 ya mtumba inagharimu sehemu tu ya Atto 3 mpya. Kwa mtu wa Nairobi anayekwenda kazini kilomita 40 na kurudi, tofauti hiyo haitarudi kamwe kupitia uhai wa betri.

| | Leaf AZE0 kWh 24 | Leaf ZE1 kWh 40 | Kona kWh 64 | Atto 3 kWh 60.48 |
|---|---|---|---|---|
| Kemia | mangani | NMC | NMC | LFP |
| Kupozwa | hakuna | hakuna | kioevu | gesi ya kiyoyozi |
| Umbali likiwa jipya | km 135 (EPA) | km 243 (EPA) | km 415 (EPA) | km 420 (WLTP) |
| Kikomo cha kuchaji kila siku | 80% | 80% | 80% | 100% mara moja kwa wiki |
| Mahali panapolifaa | bara, ndani ya mji | bara | popote | popote, hasa pwani |

Vipimo vya umbali vya EPA (Marekani) na WLTP (Ulaya) haviko sawa. WLTP ni karimu zaidi. Na matangazo ya Japani yanayodai Leaf ya kWh 40 inakwenda kilomita 400 yanatumia kipimo cha zamani cha JC08, ambacho hakuna dereva wa Mombasa Road atakayekifikia. Chukua kWh zilizobaki, gawa kwa 15, zidisha kwa 100, kisha toa 15% ya akiba. ZE1 yenye afya ya 85% ina takriban kWh 31, yaani kilomita 170 za kutumia bila presha.

Kuna magari mawili ya pembeni yanayostahili kutajwa. Nissan e-NV200 ina seli za ukoo wa Leaf, lakini hewa ya kiyoyozi hupulizwa kwenye betri wakati wa kuchaji, na kwa mwenye biashara ya kusambaza mizigo mjini ni bora kuliko Leaf ya umri wake. Na Mitsubishi i-MiEV ya daraja la M, iliyouzwa Japani kuanzia 2011, ina kWh 10.5 tu, ila seli zake ni za titanati za Toshiba, ambazo ni sugu kupita zote tulizozitaja. Haifiki mbali. Kwa mzunguko wa kilomita 50 ndani ya mji, itamzika mwenyewe.

Kuchaji: ushauri unaogongana

Mwenye BYD atakuambia ujaze 100%. Mwenye Leaf atakuambia usithubutu kupita 80%. Wote wawili wana sababu. Volti ya LFP haibadiliki kwa sehemu kubwa ya chaji, kwa hiyo kompyuta haiwezi kujua imebaki asilimia ngapi hadi ifike juu kabisa. Bila kujaza mara moja kwa wiki, kipimo hupotoka na gari linaweza kuzima likionyesha 12%. Hiyo haina maana kwamba LFP hupenda kukaa imejaa. Maabara ya Jeff Dahn, Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, imeonyesha LFP nayo huchakaa haraka ikizungushwa karibu na kilele. Jaza usiku wa kuamkia safari, siku nyingine ishia 80% au 90%.

Leaf nyingi za ZE1 hazina kitufe cha kusimamisha kwenye 80%, na skrini ya Japani ina maandishi ya Kijapani. Tumia hesabu. Soketi ya nyumbani ya volti 240 kwa ampia 10 hutoa kW 2.4, ukiondoa upotevu, kW 2.1 huingia kwenye betri. Kutoka 30% hadi 80% ya kWh 36 ni kWh 18, sawa na saa 8 na nusu. Weka kipima muda kianze usiku wa manane, betri ikiwa imepoa kutokana na safari ya jioni. Kwa pwani jambo hili lina faida kubwa kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Soketi ya kawaida ya ampia 13 haikutengenezwa kubeba ampia 10 usiku kucha kila siku. Zile za bei ya chini huyeyuka upande wa waya wa moto. Vuta laini ya peke yake kutoka kwenye bodi: waya wa milimita 4 za mraba, kikata umeme cha ampia 20, RCD (kikata umeme unapovuja) ya miliampia 30, na waya wa ardhi uliopimwa kweli, si uliochomekwa kwenye ukuta kwa mapambo. Gusa plagi baada ya saa moja. Ikiwa ya moto, kuna kiungio kilicholegea.

Ukisafiri wiki tatu, acha gari na chaji kati ya 40% na 60%, kivulini, bila kuchomekwa.

Kupima kabla ya kulipa

Kwa Leaf, nunua kifaa cha OBD2 (kinachosoma kompyuta ya gari) cha Bluetooth kinachokubaliana na Leaf Spy (vya bei ya chini kabisa vingi hukwama), kichomeke chini ya usukani, washa gari. Angalia AHr (uwezo wa betri kwa ampia-saa) kwanza. Betri mpya ya kWh 24 husoma takriban 66, ya kWh 30 karibu 80, ya kWh 40 karibu 115, ya kWh 62 karibu 176. Ukiona 52 kwenye kWh 24, umebaki na 79%. Vimistari vya dashibodi ni kipimo butu: cha kwanza hupotea baada ya 15% kuondoka, na vinavyofuata kila baada ya takriban 6%. Vimistari 12 vinaweza kuwa 99% au 86%.

Kisha tazama chati ya jozi 96 za seli. Gari likiwa limejaa na limetulia, tofauti kati ya ya juu na ya chini ikiwa chini ya milivolti 30 ni sawa. Sasa liendeshe hadi chini ya 20% na ukanyage mafuta, kama wanavyosema bado madereva. Seli dhaifu hujitokeza hapo tu: nyingine zote zikishuka pamoja na moja ikaanguka milivolti 100 au zaidi, gari hilo litazima mapema kuliko namba ya afya inavyoahidi. Yadi nyingi zitakataa uliendeshe hadi chini hivyo. Basi punguza bei au uondoke.

Kuna ulaghai unaojulikana: muuzaji hufuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vimistari 12 vinarudi, na baada ya wiki kadhaa za kutumia vinaanza kudondoka kimoja kimoja. Ishara yake ni SOH (asilimia ya afya ya betri) karibu na 100% ilhali Hx, inayofuata ukinzani wa ndani, iko chini sana, kwenye gari la miaka mingi. Namba hizo mbili hushuka kwa pamoja kwenye gari la kweli.

Kona na Atto 3 hazitoboi siri kirahisi. Kona huweza kusema afya ni 100% kwa miaka kwa sababu ya akiba iliyofichwa. Tumia mita. Funga mita ndogo kwenye laini ya chaja ya kW 7, chaji kutoka 10% hadi 100%. Ukiingiza 90% ya betri na kupoteza karibu 10% njiani, namba ya mita itakaribiana na uwezo wa betri yenyewe: karibu 64 kwa Kona, karibu 60 kwa Atto 3. Ukisoma 52 kwenye Kona, umejua.

Na kabla ya kuilaumu betri kubwa, pima ile ndogo ya volti 12. Ikichoka, Leaf huwasha taa za onyo zote na kukataa kuondoka. Watu wamelipia uchunguzi wa betri kubwa wakati dawa ilikuwa betri ya duka la jirani.

Ikichoka

Betri ya kWh 24 ina moduli 48, kila moja ina seli nne, zimefungwa kwa bolti. Betri nzima ina nguvu ya jozi yake dhaifu, kwa hiyo kubadilisha moduli mbili mbovu kunaweza kurudisha kilomita 30. Moduli mpya kupita wenzake haiongezi kitu. Tafuta yenye Ah inayolingana na zilizobaki, na uisawazishe volti kabla ya kuiunganisha. ZE1 ya kWh 40 ina moduli 24 kubwa za seli nane, na kazi yake ni ngumu zaidi.

Hii si kazi ya gereji ya uchochoroni bila zana. Betri ina takriban kilo 300 na volti karibu 400. Plagi ya usalama iliyo sakafuni huchomolewa kwanza, kisha husubiriwa angalau dakika 10 kapasita zimwage chaji, na glavu ni za volti 1,000 zisizo na tundu. Kupandisha betri ya kWh 40 kwenye AZE0 kunawezekana, na mashabiki wameandika programu ya kifaa kidogo kinachotafsiri mawasiliano kati ya kompyuta ya betri na ya gari. Bila hicho, magari ya 2013 na kuendelea hukataa betri ngeni.

Moduli za zamani zina kazi. Saba zikiunganishwa mfululizo hutoa seli 14, zinazofaa inveta ya volti 48, mradi kuwe na BMS (kompyuta inayolinda seli) ya lithiamu na chaji ikomee volti 57.4. Hata zikiwa na 65%, moduli 14 (safu mbili za saba) hubeba zaidi ya kWh 4, zinazotosha friji na taa hadi asubuhi. Fundi akiomba abaki nazo kama sehemu ya malipo, zipe bei yake kwanza ndipo mzungumze ujira.